Nyanya ya Uzi Mwekundu

Uani kwangu, 4 Januari

Mdogo wangu,

Hii habari kila mtu anaisimulia vibaya. Shangazi anaisimulia vibaya, mashemeji wanaisimulia vibaya, na wewe uliye mbali kuliko wote ndiye unayeisimulia vibaya kupita wote, tena kwa simu, tena kwa watu ambao hawajakuuliza. Sasa ngoja nikuandikie mimi niliyekuwepo, kwa mkono wangu huu huu. Shule unajua niliipita kwa nje nikienda kuchuma mapera. Mwandiko ukiuona kama kuku kapita kwenye majivu, msome huyo kuku.

Kwanza salamu, nisije nikaambiwa sina adabu. Sisi wazima. Goti la kushoto linanisumbua, la kulia linalicheka. Wifi yako mzima, ananisuta kama kawaida. Kazi ipo. Wiki jana nimemfungia mtu mfereji wa bati nyumba nzima bila kupima kwa futi, kwa jicho tu, na mvua ilipokuja maji yakapita humo yamejipanga kama askari wa gwaride. Mafundi wa vyeti walikuja kuangalia, wakaondoka na futi zao mfukoni.

Haya, Mama. Leo miezi mitatu na siku nne tangu tumzike. Mnasema ile nyanya yake ya mwisho, ile ya uzi, niliila mimi. Eti nilikaa kizingitini na kisu na chumvi, Mama ndani anakata roho, mimi nje nakata nyanya. Uongo! Aliyekula ni mbuzi. Mbuzi mweusi wa jirani, mwenye pembe moja. Alisukuma lango, akaupita mchicha wote bila kuugusa, akaenda moja kwa moja kwenye mche wa Maringo, akala ile moja tu yenye uzi. Mbuzi yule ana akili kuliko mashemeji zangu wawili ukiwajumlisha.

Na Maringo unaijua. Nyanya ya bibi yetu, Mama akaolewa nayo imefungwa kwenye pindo la nguo. Pana kama kiganja, ina mikunjo kama boga, rangi ya ufizi, ngozi laini mpaka ukiitazama vibaya inapasuka. Sokoni haifiki, ndiyo maana akaiita Maringo. Tunda la kwanza kuiva anafunga uzi mwekundu, hilo haliliwi, hilo ni mbegu za mwakani. Na Mama hakuweka akiba, anazopata mwaka huu anazipanda zote mwaka ujao. Mwaka jana nguvu zilimwisha, mche ukabaki mmoja, tunda likabaki moja, nalo la uzi. Mbuzi naye akaja. Mimi nifanyeje, nimtapishe?

Sasa kuna jambo dogo. Miaka mitano iliyopita Mama alikutumia mbegu zake kwenye bahasha. Wewe una kibaraza cha ndoo nne. Mimi nina ua, nina samadi, nina mikono. Mvua zinakuja. Sikuombi. Nakukumbusha tu kwamba mbegu ni kitu cha ardhini.

Kaka yako, fundi bati asiyetumia futi.


Ghorofa ya tatu, 29 Januari

Kaka,

Shikamoo, kwa kuwa Mama alinifundisha, si kwa kuwa unastahili.

Mimi mzima, mwanangu mzima. Kule kufulia kwa hospitali tumeletewa mashine mpya, inachemsha shuka mpaka ukuta unatoka jasho. Mikono imekuwa kama ya maiti. Hiyo ndiyo mikono inayokuandikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Jirani yako hajawahi kufuga mbuzi. Anafuga bata. Nimelala nyumba hiyo siku tisa za msiba na bata wake wamenikosesha usingizi siku zote tisa. Mbuzi wa pembe moja umemtoa wapi, Kaka? Umemfua kwa bati?

Na uzi niliukuta mimi. Siku ya mazishi, dirishani kwa Mama, umekunjwa vizuri mara nne. Pembeni kisu chake kidogo na kikopo cha chumvi. Sikusema kitu kwa sababu watu walikuwa wengi. Mbuzi gani huyo anakula na chumvi, halafu anakunja uzi?

Nilikuwa na miaka tisa. Nyanya ya uzi sikuichuma, niligusa tu, nijue kama imelainika. Mama alinichapa kwa ufito mpaka ufito ukakatika, akatafuta mwingine. Mpaka leo nikiona uzi mwekundu, hata wa kushonea kifungo, mkono unarudi nyuma wenyewe. Wewe ulikuwa umekaa juu ya pipa unacheka. Miaka hamsini baadaye unaichuma, unaila, unacheka tena.

Mbegu ninazo. Ziko kwenye kopo la majani ya chai, kabatini, nyuma ya sukari. Zitakaa hapo hapo.

Dada yako.


Uani kwangu, 18 Februari

We Pilipili,

Salamu. Goti lile lile. Wifi yako kakuombea heri, mimi nikamkata kauli. Bati limepanda bei, mvua bado, na paka kazaa ndani ya sanduku langu la misumari, kwa hiyo kazi imesimama.

Anafuga bata? Basi alikuwa bata. Bata mkubwa. Tusigombane kwa mnyama.

Tugombane kwa mbegu. Hujui unachokilinda. Mbegu ya nyanya siyo pete ya dhahabu, inaishi. Miaka minne inavumilia, mitano inapumua kwa shida, ikizidi hapo unafuga makapi. Mama mwenyewe unakumbuka alivyokuwa akizikamulia kwenye kikombe na maji yake, anaziacha siku tatu mpaka zinatoa utando na kunuka kama soksi, anazisuuza, anazianika kivulini kwenye sahani iliyomegeka. Alikuwa na haraka nazo kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Wewe umezifungia nyuma ya sukari. Kila mwezi unaokasirika, moja inakufa. Ukishamaliza kukasirika utafungua kopo ukute vumbi, halafu utasema mbuzi.

Na hizo ndoo zako umepanda mara ngapi? Sema. Mara mbili, nimesikia, na mara zote mbili zikarefuka kama mtu anayechungulia ukuta, zikaanguka bila hata ua. Jua huna. Ardhi huna. Subira hujawahi kuwa nayo tangu tumboni, ulizaliwa mwezi wa nane ukimsukuma mkunga.

Wifi yako amesimama hapa mgongoni ananiambia, "Mwandikie ukweli, umalize." Nimemwambia akaangalie paka.

Haya. Naomba. Umeridhika? Nimeliandika neno lenyewe na kalamu haikuvunjika. Naomba mbegu za Mama, kabla ya mvua.

Kaka yako.


Ghorofa ya tatu, 14 Machi

Kaka, shikamoo.

Tuko salama. Mwanangu anakusalimia. Kazini tunaingia alfajiri.

Humu ndani mna mbegu thelathini na mbili. Nimezihesabu mara tatu, kwa hiyo usije ukaniambia zilikuwa thelathini. Sitaki shukrani wala mboga. Nataka kitu kimoja: uniambie zilivyofanya. Kama zilivyofanya, bila kupamba.

Dada yako.


Uani kwangu, 2 Mei

Mdogo wangu mpenzi, Pilipili wa roho yangu,

Salamu nyingi zisizobebeka. Sote wazima, goti limepona lenyewe kwa furaha. Wifi yako hajambo, ila siku hizi hasemi nami sana, sijui ana nini.

Umetaka habari, kaa vizuri. Nilizikatia makopo ya mafuta, nikayatoboa chini kwa msumari, mashimo matano matano, nikachekecha udongo kwa wavu wa chai. Siku ya nne moja ikachomoza, haraka zake kama zako. Siku ya tano zilizobaki zote. Zote! Thelathini na mbili, nimesimama mbele yake nikaziita kwa foleni. Nilipozihamishia ardhini hazikunyauka hata dakika moja, zilikuwa kama zimeambiwa.

Sasa zinanifika kidevuni. Zingine nimezifungia fito mbili, moja haitoshi. Majani unaweza kupakulia chakula. Bwana shamba alipita njiani, akasimama, akavua kofia. Akaniuliza, "Mzee, umesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwa mama yangu, na yeye hakusoma." Anayegawa barua hapa mtaani siku hizi anapiga kelele kwanza, nimtoe kwenye majani.

Uzi nimeshanunua. Mwekundu, mita nzima.

Kaka yako, mkulima.


Ghorofa ya tatu, 21 Mei

Kaka,

Shikamoo leo sitoi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata langoni. Zile mbegu, kabla sijazifunga, nilikwenda nazo kazini. Nikazitia kwenye kikombe, nikafungua bomba la mashine, yale maji yanayochemsha shuka za wagonjwa, nikazimwagia. Nikazifunika kwa sahani mpaka yakapoa. Kisha nikazianika. Zilipendeza, hata Mama asingejua. Nilikutumia mbegu zilizopikwa, Kaka. Ungezila kwa chumvi.

Na zikaota zote. Foleni. Mpaka kidevuni. Bwana shamba akavua kofia!

Nilicheka, mwenzangu wa zamu akaja kuniangalia. Halafu sikucheka tena.

Nilitaka neno moja tu kutoka kwako. "Hazikuota." Ungeandika hilo, siku ile ile ningekutumia nyingine nzima, kwa kuwa koponi zimebaki. Na ningeamini hata mbuzi. Ningesema, kumbe huyu mtu akibanwa anaweza kusema kweli, basi huenda na ya Mama alisema kweli. Sasa nimejua aliyekula.

Usiniandikie.


Uani kwangu, 9 Juni

Nakuandikia.

Salamu huna. Akutukanaye hakuchagulii tusi, ila wewe umekaa umenichagulia, ukalichemsha, ukalianika, ukalitia stempu. Mimi nasemwa nilikula. Mwenye kula na mwenye kuchemsha, mbele ya Mama, nani angechapwa? Jibu unalo mkononi, ule unaorudi nyuma.

Ndiyo, hazikuota. Siku ishirini na mbili nimekaa mbele ya makopo kama kuku aliyelalia mawe. Nilinyunyiza kwa kijiko. Nilizihamisha asubuhi kwenye jua, mchana kivulini. Nilifukua moja kwa kucha, nikaikuta imelala vile vile nilivyoilaza. Wifi yako akasema, "Mwandikie hazikuota." Sikuweza. Niliona kosa ni la mkono wangu. Niliona Mama kafa, Maringo imenifia mkononi, na wewe ndiye utakayepiga simu kwa Shangazi. Nikaandika vile. Ulemavu wangu ni huo, nikipata aibu narefusha maneno.

Lakini sikiliza, mpishi. Thelathini na moja hazikuota. Ya thelathini na mbili imetoka. Imechelewa, imetoka imepinda, lakini imetoka, ina ukaidi wa aliyeipanda zamani. Ninakuwekea jani lake. Lisome, wewe uliyesoma.

Na ile ya uzi alikula Mama.

Ilikuwa siku tatu kabla. Uji alikataa, maziwa aliyatema. Akaniambia, "Niletee ile." Nikamuuliza ipi. Akasema, "Usijifanye mjinga, kazi hiyo umeshaifanya sana." Nikamwambia, "Mama, ile ina uzi." Akasema, "Uzi si niliufunga mimi?" Nikachuma. Akataka uzi aukunje mwenyewe, mara nne, kama unavyosema. Nikakata vipande vinane, nikatia chumvi, nikamlisha. Alikula yote, pole pole, maji yanamshuka kidevuni na hataki nimfute. Alipomaliza akasema, "Yule mwenzio nilimchapa kwa hii. Asijue."

Ndiyo nikatafuta mbuzi.

Kaka yako.


Ghorofa ya tatu, 12 Julai

Kaka, shikamoo.

Mwanangu mzima. Mashine moja imeharibika, tunafua kwa mkono.

Jani ni la Maringo. Pana, halina meno pembeni kama nyanya nyingine, na mshipa wa katikati una wekundu. Nililisugua kidogo nikalinusa. Vidole vilinuka kwa Mama siku nzima. Niliomba nikunje shuka kavu, nisinawe mpaka saa tisa, na kazi yangu ni maji.

Habari ya Mama siiamini. Bata wamekushinda, sasa unamtwisha marehemu ambaye hawezi kukanusha. Mama ninayemjua mimi angekufa na njaa mbele ya nyanya ya uzi. Kama aliweza kuila kwa chumvi, basi ule ufito ulikuwa wa nini? Usinijibu hilo. Nimesema usinijibu.

Jambo la pili ukilisoma usicheke. Mbegu zilizobaki koponi zilikuwa ishirini na sita, nzima, sikuzigusa kwa maji. Mwisho wa mwezi wa tano nilizipanda zote, kwenye ndoo zote nne. Hakikutoka kitu. Zilishazeeka, kama ulivyosema. Nimefukua, nimekuta kama mchanga.

Kwa hiyo uliopo ni huo mmoja, na huo mmoja ni wangu. Umetoka kwenye bahasha yangu, kati ya mbegu alizonitumia Mama mimi. Tunda la kwanza kuiva ulifunge uzi. Usilimenye, usilionje, usilipige picha na bwana shamba. Toa mbegu unitumie zote. Nasema zote. Mwakani nikipenda nitakupa. Wewe baki na fito.

Dada yako.


Uani kwangu, 30 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu. Tuko wazima, na safari hii naapa kwa goti. Mvua zimekata. Sanduku la misumari nimerudishiwa, lakini paka anaona kama ananiazima.

Tunda limeiva. Lilikuwa pana, si pana la maneno, pana la kweli. Wifi yako alilibeba kwa mikono miwili, naye unamjua hajawahi kunisaidia kutia chumvi habari. Nililifunga uzi, nikalisubiri mpaka ngozi ikapasuka yenyewe. Kisha nikakamulia kikombeni, siku tatu, ikanuka vile vile, mpaka majirani wakauliza. Nikasuuza mara saba. Nikaanika kwenye sahani ile iliyomegeka, kivulini, nikakaa nayo nikifukuza kuku. Mbegu mia moja na kumi na nne. Kahesabu wifi yako, mimi nikatolewa nje, alisema nikibaki zitafika elfu.

Kwenye bahasha mna hamsini na saba. Siyo zote. Ulitaka zote kwa kuwa mche ulitoka kwenye bahasha yako, na nilitaka nikuache na hilo. Lilikuwa limenitoka vizuri, na nilishalizoea. Lakini umelifanya hati ya shamba. Umeshaniwekea mipaka, umeniachia fito. Sasa unanilazimisha kuvunja kazi yangu mwenyewe, na fundi hapendi hilo.

Zako zilikufa zote. Thelathini na mbili kamili. Ulizipika zikaiva, hakuna hata moja iliyogeuka ubavu. Mche huu nisingeweza kuutoa kwenye makopo yale hata ningekaa mwaka. Niliuona mwezi wa tano, umejiotea wenyewe nyuma ya jiko, pale tunapomwaga maji ya vyombo, umebanwa kati ya tofali na ukuta. Pale ndipo niliposuuza sahani siku ile Mama alipomaliza kula. Utasema ilikuwa sahani yangu. Sema, umeshazoea. Mimi najua aliyekula, na aliyemshikia sahani, na wifi yako alikuwa mlangoni.

Kwa nini niliandika imetoka kwako? Nilikuwa nimemaliza kukutukana barua ile, nimefika pale pa kuweka jani. Nikakuona umekaa huko ghorofani, mikono imevimba kwa maji, umeua mbegu ya mama yako kwa bomba la shuka ili unikamate mimi, na umenikamata. Mimi nikibanwa hukosi kunikuta na la kusingizia. Wewe hukuwa na hata mbuzi wa kumsingizia. Basi nikakutungia hiyo moja iliyoota.